Gari Lisilotaka Kabari

Mama yetu alipewa jina la Kabari na baba, na usidhani lilikuwa jina la mahaba. Baba alikuwa dereva, mwenye mkweche wake mwenyewe uliowashwa kwa hendeli na wenye breki za kubahatisha. Kila likizo tulisafiri nao siku tatu kwenda kwao mama. Tukifika mlimani rejeta inachemka, gari linakata pumzi, na baba anapiga kelele, "Kabari!" Mama, awe na mimba awe na mtoto mgongoni, anaruka na kipande chake cha mti mgumu, anakisukumiza chini ya gurudumu la nyuma kabla hatujarudi bondeni kinyumenyume. Kisha anamimina maji. Kisha anasukuma.

Mdogo wake, yaani mama yetu mdogo, alisafiri nasi, na kazi yake ilikuwa kucheka. "Sukuma, dada, si ulimpenda mwenyewe!" Akimaliza kucheka anashuka, wanasukuma bega kwa bega.

Siku moja gari lilimwahi mama. Akapoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Baba alishuka, akainama, akatazama gurudumu kwanza.

"Rimu imepinda?"

"Haijapinda," mama akamjibu, mkono ameufunga kwa kitambaa chake cha kichwa.

Nilisikia kwa masikio yangu haya. Nasimulia kwa hasira, tena msiniulize namkasirikia nani. Mimi ni kitinda mimba wake, na nimo.

Mwezi uliopita simu ilikuja. Mama mdogo yuko hoi, madaktari wameinua mikono. "Mleteni dada," alisema. "Namsubiri yeye tu." Siku hizi kwenda huko kwao ni mwendo wa saa tano, lami tupu. Kaka akasema twende wote, watoto nao watembee. Magari mawili, viyoyozi, tableti kwa kila mtoto, na ndani ya simu mwanamke asiyechoka kusema kata kushoto, kata kulia. Mama akatokea na kabari yake mkononi. Kaka akaichukua, akaitupa kibarazani.

"Mama, usitutie aibu! Hili gari linajishikilia lenyewe."

Mama akacheka. "Haya, baba. Leo nitakaa tu kama bibi harusi."

Katikati ya safari tukasimama kituo cha mafuta. Mama alikwenda chooni, na magoti yake hayana haraka. Watoto wakagombana, tukawahamisha huku na huku. Kaka akaondoka akijua mama kahamia kwangu. Mimi nikaondoka nikijua kabaki kwa kaka. Ule mkweche wa baba usingetoka pale bila yeye, hata kwa dawa. Magari yetu yaliondoka taratibu, wala hayakushtuka.

Saa nzima na dakika ishirini zikapita. Simu ya mama ikalia ndani ya mkoba wake, garini mwa kaka. Shemeji, mke wa kaka, akaipokea. Aliyepiga alikuwa binti wa mama mdogo: "Mama anaomba sauti ya dada yake, upesi!"

"Subiri, nampa," shemeji akasema, akageuka nyuma. Palipokuwa pa mama alikuwa amekaa binti yake yeye shemeji, anatazama nje.

"Bibi yuko wapi?"

"Hakupanda."

"Mbona hukusema?"

"Mngenitoa dirishani."

Msimlaumu. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Kaka akanipigia simu, tukageuza. Mama tulimkuta ukingoni mwa barabara, juani, ule mkono wa vidole vitatu ameukinga usoni. Muuza mafuta alisema amemwita kivulini mara tatu, amekataa, anaogopa tutampita. Kaka akashusha kioo.

"Mama, ulipotelea wapi? Umetuchelewesha!"

"Nisameheni, wanangu," akasema, akapanda.

Nilikuwepo. Neno moja tu lingetosha, nami sikulisema. Jamani, nilifurahi kwamba lawama imempata mtu aliyezoea kuibeba.

Tulipofika, mama mdogo alikuwa ameshafunikwa uso. Saa nzima ilikuwa imepita. Binti yake alikuwa hana hata nguvu ya kutulaki.

"Kila dakika aliuliza mmefika wapi," akamwambia mama. "Nikamwambia barabara ni lami, magari ni mapya, hayakwami. Hakunisikiliza. Alisema, 'Limekwama, dada yuko nyuma anasukuma peke yake.' Alitaka kushuka kitandani akusaidie. Ilibidi tumshike."

Kaka alikuwa anatazama funguo za gari. Mimi nilitazama sakafu. Mama akaketi kitandani, akamfunika mdogo wake miguu, iliyokuwa imetoka nje ya shuka.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa nasukuma."