Moyo Mpya wa Kontakti

Wifi yangu alijifungua mapacha kwa kupasuliwa, katika hospitali ya Nundu, na daktari akasema ataruhusiwa kutoka Jumamosi. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nitakwenda kumchukua mimi, kwa gari la baba mkwe, nimlete hapa mjini Baraka akae kwa wazazi wake mpaka apate nguvu. Mama mkwe alikuwa naye kule, akilala kwenye mkeka kando ya kitanda. Mume wangu alikuwa Kilembwe kwa biashara yake ya mafuta ya mawese. Nyumbani tulibaki baba mkwe, mimi na watoto wangu, na gari.

Alhamisi asubuhi nilichukua ndoo na kitambaa nikaliosha. Lilikuwa gari la zamani, usukani upande wa kulia, kama mengi yanayotufikia kutoka ng'ambo ya ziwa. Nilipomaliza niliketi ili nilisogeze kivulini. Ufunguo uliingia vizuri. Nikauzungusha, haukuzunguka. Nikautoa, nikaupangusa kwenye kitenge, nikaurudisha. Ulisimama pale pale kama umechomekwa ukutani.

Baba mkwe alikuwa ameketi barazani. Macho yake yalikuwa yamefifia miaka mingi nyuma, kidogo kidogo, mpaka giza likajaa, lakini masikio yake hayakupitwa na kitu.

"Mama, mbona sisikie moteri?" aliniuliza. Tangu nilipoolewa ananiita mama, kama kwetu tunavyowaita watoto wa kike tunaowaheshimu.

"Baba, ufunguo inakataa. Inaingia, lakini haizunguke."

"Usukani ulijifunga. Uutikise huku na huku."

"Niliutikisa, baba."

Aligeuza sikio upande wa gari. "Basi njo kontakti. Moyo wake ulikwisha." Yaani tatizo ni kontakti, swichi ya kuwashia gari, na moyo wake ni kile kipande cha ndani kinachopokea ufunguo.

Yeye alikuwa dereva kabla sijazaliwa. Aliendesha malori ya mizigo kutoka Uvira mpaka Fizi, na kutoka Fizi akapanda milima mpaka Kilembwe, wakati wa mvua na wakati wa vumbi. Macho yalipomwacha hakuliuza gari lake. Alimwambia mume wangu, "Mufundishe bibi yako." Mume wangu akajaribu, tukagombana kabla ya kufika kanisani, akanishusha. Ndipo baba mkwe mwenyewe akanifundisha. Kwa heshima ya nyumba yetu, mke wa mtoto wake haketi bega kwa bega na baba mkwe wala kumpa kitu mkono kwa mkono. Kwa hiyo alikaa kiti cha nyuma, upande wa dirisha, akasikiliza moteri na kuniambia, "Sasa badilisha. Sasa achia. Usiiumize." Nilijifunza gari kwa sauti iliyotoka nyuma ya kichwa changu. Nilipoanza kupita sokoni peke yangu, wamama wa samaki walisimama wakanitazama, wengine wakinipigia makofi, wengine wakivuta watoto wao kando.

Asubuhi ile nilimwita fundi mmoja anayefanya kazi karibu na soko. Alikuja, akajaribu ufunguo, akainama chini ya usukani, akainuka.

"Mama, hii inavunjwa tu. Nipige patasi hapa, nitoe nyaya, utakuwa unagusanisha mbili, gari inawaka."

"Na ku bariere nitasema nini?" nilimwuliza, maana njia ya Nundu ina vizuizi vya askari. "Basoda bakikuta nyaya zinaninginia, batasema gari njo ya wizi. Nitakuwa na mama mwenye nyuzi tumboni na batoto babili. Nitashuka nao wapi?"

Alikubali kwamba nina haki. Lakini alikuwa na safari: lori moja lilikuwa limekufa njia ya Fizi, na watu wake walimngoja. Hangerudi kabla ya Jumatatu. Aliniachia tornevis yake, bisibisi yenye kichwa cha nyota, akaniomba nisiipoteze, akapanda pikipiki akaenda.

Nilibaki nimesimama na ile tornevis mkononi. Akilini nilimwona wifi yangu juu ya pikipiki, kidonda kibichi, mtoto mmoja mbele na mwingine mgongoni mwa mama mkwe kwenye pikipiki ya pili, na yale mashimo yote ya njia ya Nundu. Nikajua haitawezekana.

"Baba," nilisema, "kama moyo wake unaweza kutoka bila kuvunjwa, nitautoa mi mwenyewe."

Hakucheka. Aliuliza tu, "Uko na mwavuli wa zamani?"

Sikuelewa, lakini nilisema tunao, nikauweka karibu naye barazani.

Nilipiga picha ya kontakti na ya ufunguo, nikamtumia muuza vipuri mmoja wa Uvira ambaye baba mkwe alikuwa akinunua kwake zamani. Alijibu kwamba anao moyo mpya wa aina ile, pamoja na funguo zake, na kwamba utapanda basi la kesho. Akaongeza ujumbe wa sauti, nami nikausikiliza mpaka nikaushika: "Mama, hii kazi si nguvu. Utoe kwanza waya wa batri. Ufungue zile plastiki za chini ya usukani. Halafu uzungushe ufunguo hatua moja tu, pale redio inawakia. Utaona katundu. Uchome mule na kitu kyembamba huku unavuta ufunguo. Moyo utatoka wenyewe."

Alichosahau ni kwamba ufunguo wangu haukuzunguka hata hatua hiyo moja.

Ijumaa mchana basi lilifika. Kifurushi kilikuwa kimefungwa kwa gazeti na gundi. Ndani yake moyo ulimeta, mfupi kama kidole gumba, na funguo zake zikiwa na meno makali, hazijaguswa na mfuko wa mtu. Niliuweka juu ya sahani ya bati na kumpelekea baba mkwe. Aliuchukua kwenye sahani, akaupapasa pande zote kwa vidole vyake virefu, akagusa kipini kidogo kilichochomoza ubavuni, akakibonyeza, kikaingia, akakiachia, kikarudi.

"Njo hiki," alisema. "Hiki kapini njo kinashika moyo mule ndani. Ukikisukuma, unatoka. Sasa uende polepole."

Alisimama nje ya mlango wa gari, mkono juu ya paa. Mimi nikaingia ndani.

Waya wa batri niliutoa kwa ufunguo wa nati wa nyumbani. Skrubu za plastiki zilikubali tornevis ya fundi, isipokuwa moja iliyojificha chini ya vumbi la miaka. Niliitafuta kwa vidole, nimelala chali, miguu nje, kitenge nimekikaza kiunoni. Majirani walianza kukusanyika ukutani. Nilisikia mama mmoja akisema, "Iko anafanya nini mule?" na mwingine akamjibu, "Anaharibu gari ya muzee." Sikutoka kujibu. Plastiki ilipoachia ilinimwagia mchanga usoni, na humo nikaona kontakti nzima, chuma kitupu, na kando yake lile tundu, dogo kuliko nilivyofikiri.

Niliingiza ufunguo wa zamani. Haukuzunguka.

"Ukwangue crayon ya mutoto ya shule," alisema baba mkwe. "Ile unga yake nyeusi. Uitie ku meno ya ufunguo."

Nilikwangua penseli ya mtoto, nikautia ule unga kwenye ufunguo. Niliingiza na kutoa, niliingiza na kutoa, vidole vikawa vyeusi. Haukuzunguka. Alijaribu yeye pia: nilitoka, yeye akaingia, akakaa kwenye kiti chake cha zamani, akaushika ufunguo kama mtu anayemshika ndege. Nilimwona akiinamisha kichwa, akisikiliza. Baadaye akatoka.

"Mama, miye nilifika mwisho," alisema kwa sauti ya chini, ili wa ukutani wasisikie.

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo juu ya gari. Niliingia tena nikaketi, mikono mapajani, nikautazama ule ufunguo. Nikakumbuka kufuli la duka tulilokuwa nalo zamani, la kuuza sabuni na chumvi. Wakati wa mvua liligoma kila asubuhi, nami nililifungua kwa namna yangu: sikulazimisha. Niliukaza ufunguo kidogo tu, upande wa kufungua, huku nikiligonga kufuli kwa mpini wa kisu, taratibu, taratibu, mpaka vitu vya ndani viruke na kukaa mahali pake.

Niliita kutoka ndani ya gari, na binti yangu akaniletea mwiko wa bugali. Nikaushika ufunguo kwa kidole gumba na cha shahada, nikaukaza kidogo tu. Kwa mkono mwingine nikagonga kichwa cha ufunguo kwa mpini wa mwiko. Ko, ko, ko. Hakuna kitu. Nikauvuta nje kiasi cha unene wa ukucha, nikagonga tena. Ko, ko. Ufunguo ukazunguka.

Nilipiga kelele. Baba mkwe naye aligonga paa la gari kwa kiganja. "Usiuguse! Usiurudishe!" alisema. "Sasa njo mwavuli!"

Hapo nikaelewa. Alikuwa amevunja mwenyewe ubavu mmoja wa ule mwavuli, waya mwembamba mgumu, na kuusugua kwenye jiwe mpaka ukawa na ncha. Aliuweka kwenye sahani, akaisogeza sahani dirishani, nami nikauchukua. Misumari niliyokuwa nimeandaa ilikuwa minene yote. Waya wa mwavuli uliingia kwenye tundu kama umetengenezwa kwa ajili yake. Niliusukuma, nikasikia kipini kikirudi nyuma, nikavuta ufunguo, na moyo wa zamani ukatoka mkononi mwangu, mweusi, unanuka mafuta na chuma.

Niliuweka kwenye sahani. Aliupapasa, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Meno yote yalikwisha. Kama yangu."

Ule mpya niliusukuma ndani ufunguo wake ukiwa kwenye hatua ile ile ya redio, kama nilivyoambiwa. Ulikaa vizuri. Nilisema, "Baba, umeingia."

"Haiyaingia."

"Umeingia, baba, ninauona."

"Sijasikia ikilia," alisema. "Ikishika inalia. Tii! Usukume tena."

Nilisukuma tena, nikautikisa kidogo ili ulimi wa nyuma upate nafasi yake, na ndani ya chuma ikalia sauti ndogo sana. Yeye aliisikia kabla yangu. "Njo hiyo," alisema, na akaenda kuketi barazani kama mtu aliyemaliza shamba.

Niliirudisha plastiki, nikafunga waya wa batri. Ukutani majirani walinyoosha shingo. Niliketi, nikashika usukani, nikasali maneno mafupi, nikazungusha. Gari likawaka. Likatoa moshi wake wa kawaida, likatulia, likanguruma kwa ile sauti ninayoijua. Nilizima. Nikawasha tena. Nilizima, nikawasha, kwa furaha tu, mpaka yule mama aliyesema ninaharibu gari akaanza kupiga vigelegele, na wengine wakamfuata. Nilitoka na uso wenye mchanga na mikono myeusi, na sijawahi kujiona mzuri kama saa ile.

Jioni mume wangu alipiga simu kutoka Kilembwe. Alikuwa amesikia kwamba gari limegoma.

"Mulipata fundi?" aliuliza.

Nilimpa baba yake simu, nikiiweka mezani mbele yake. "Fundi tuko naye humu ndani," alisema baba mkwe. "Uliyemushusha njiani kwenda kanisani njo yeye." Nikasikia mume wangu akicheka mpaka mtandao ukakatika.

Jumamosi tulitoka kukiwa bado na ubaridi. Baba mkwe alikaa nyuma, mahali pake. Bariere ya kwanza askari aliinama dirishani, akanitazama, akatazama nyuma.

"Dereva iko wapi?"

"Njo huyu," alijibu baba mkwe. "Na mekanisien, fundi wake, njo huyu."

Askari aliniangalia tena, akainua kamba.

Nundu tulimkuta wifi ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa, mama mkwe amefunga kila kitu katika vitenge. Mapacha, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefungwa kama mahindi mabichi. Tulimlaza wifi kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, pacha mmoja kifuani. Nafasi ya nyuma ikaisha. Baba mkwe alisimama nje, fimbo mkononi, hajui aende wapi.

"Ukae mbele, muzee," alisema mama mkwe. "Leo si siku ya heshima ya viti."

Alikaa kando yangu. Nilimwekea pacha wa pili mikononi mwake, mkono wangu ukagusana na wake, nikawasha gari.

Niliendesha kama nimebeba mayai. Kila shimo nililijua, kila daraja la mbao nililipita kwa gia ya kwanza, na penye mawe nilisimama kabisa kabla ya kuingia. Pikipiki zilitupita, magari ya mizigo yalitupigia honi. Nikawaacha wapite. Baba mkwe, aliyezoea kuniambia badilisha, achia, usiumize, hakusema hata neno moja njia nzima. Alimshika tu mjukuu wake.

Tulipoingia uani, nikazima moteri, nikageuka. Wifi alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono umeanguka pembeni. Mama mkwe alinitazama, akatikisa kichwa polepole.

"Alilala tangu Nundu," alinong'ona. "Tangu Nundu, mwanangu, na nyuzi zake."

Tukakaa humo ndani, hakuna aliyefungua mlango, tukamwacha alale.