Matawi ya Ithembo

Juni iliyopita nilirudi kwetu, upande wa Mbumbuni, kwa ufunguzi wa kanisa jipya. Nilikuta jengo kubwa la matofali mekundu, zuri kwa kweli, na mama mmoja akaniwekea sahani ya mahindi na mbaazi mbichi. Nilipoonja tu, rafiki yangu, nikawa mtoto tena, nimekaa juu ya gunia na nyanya yangu, susu kama nilivyomwita, tukiambua mbaazi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, naye ananikataza kutazama upande wa kambi ya Wazungu. "Hao usiwaangalie sana," alikuwa akisema. Yeye mwenyewe aliwaangalia kutwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Zilikuja familia chache kutoka kaskazini kabisa ya Ulaya kutujengea mabwawa ya mchanga mitoni, yale yanayozuia mchanga ili utunze maji. Kazi yao hatukuwa na neno nayo. Shida ni kwamba hawakukanyaga kanisani, hata siku ya Krismasi. Mwalimu wetu, aliyekuwa akiwatafsiria, ndiye aliyeleta habari: wageni hawa walikuwa wameirudia miungu ya mababu zao, ya ngurumo na jua na mavuno, iliyoabudiwa kwao kabla Ukristo haujafika.

Fikiria mshtuko wetu. Mzungu ndiye aliyetuambia tuache mambo ya wazee, na sasa huyu hapa ameyarudia ya kwake. Jirani yetu, ambaye hakuamini hata mizani ya sokoni, alisema, "Hawa walitupatia dini ndio wao wabaki na ile ya nguvu." Hakuna aliyecheka.

Basi kila walichofanya tukakichunguza. Wanaume walivaa kinyundo cha chuma shingoni, na kwetu nyundo ya mhunzi haichezewi, mtu huapizwa nayo. Walinunua asali yetu wakatengeneza pombe yenye harufu ile ile ya uki, pombe ya wazee iliyowatoa wengi kanisani. Desemba, sisi tukitoka jasho shambani tukipalilia, wao waliwasha moto kulibembeleza jua lirudi. Jua gani, na lilikuwa limetuchoma migongo tangu asubuhi? Juni, sisi tukiwa tumejifunika mashuka kwa ukungu, wao walisherehekea kiangazi. Walikuwa wamekuja na misimu ya kwao, na hawakutaka kuiacha.

Kwenye sherehe hizo walisimama duara wakipokezana pembe ya ng'ombe. Kila mmoja alitaja jina la marehemu wake, akanywa kidogo, akamwaga kidogo chini. Nyanya alipoliona hilo mara ya kwanza aliacha kazi mikononi. "Wanawapatia wazee wao," akasema polepole, kisha akaniambia nisiyarudie maneno hayo kwa mtu.

Alikuwa na sababu. Kabla ya kubatizwa alikuwa mmoja wa akina mama wa ithembo, lile pori dogo la mikuyu juu ya kilima ambako watu wa zamani walitoa sadaka ya kuomba mvua. Kanisa lilipoingia, watu waliacha kwenda, lakini hata aliyeokoka sana hakuthubutu kuvunja kijiti pale. Kilima chote kilikuwa kipara isipokuwa hapo.

Juni ya pili, wageni wakaonekana wakifagia ndani ya ithembo. Kijiji kizima kikauliza swali moja: nani amewaonyesha? Macho yote yakamgeukia nyanya. Akifika mtoni kuchota maji, mazungumzo yalikatika. Nilichukia ukimya ule kuliko matusi.

Wazee wa kanisa wakaja nyumbani, wakanywa chai yetu kwanza.

"Mwaitu, mama yetu, sisi tunakuheshimu," akasema mkubwa wao. "Lakini watu wanauliza. Ni wewe uliwapeleka huko?"

"Sikuwapeleka. Kwani hawana macho? Ni wapi kwingine kuna miti?"

Mwalimu akathibitisha: walitafuta mahali penye miti mikubwa, wakapata pale peke yake. Wazee waliridhika nusu. "Basi kaa mbali na huko," wakasema, "na hii maneno itaisha."

Asipotii angetengwa, na kwetu kutengwa na kanisa hakukuwa jambo dogo. Nyanya angevuliwa kitambaa cheupe cha akina mama, asingekaribia meza ya Bwana, na siku ya kufa asingepata mchungaji kaburini. Hilo la mwisho alilihofia sana, kwa kuwa babu alikuwa amezikwa hivyo.

Jumamosi mchana, jirani akaja mbio na furaha aliyoshindwa kuificha. "Wanakata matawi. Wanapamba mti wao wa sherehe."

Nyanya akaweka ungo chini.

"Susu, wazee walisema," nikaanza.

"Nilisikia."

Akapanda kilima na kitambaa chake cheupe kichwani, mimi nyuma yake. Njiani watu walikuwa wamejaa, wazee wa kanisa wakiwemo. Ukingoni mwa pori alivua viatu, na nikasikia watu wakiguna. Akaingia, akalichukua panga mkononi mwa mama mmoja wa Kizungu.

"Mwalimu, waambie. Hapa hakuna mtu anakata kitu. Hata mimi."

Yule mama akasikiliza, kisha akauliza afanye nini na matawi yaliyokwisha kukatwa. Nyanya akamwonyesha ayalaze shinani, ayamwagie pombe yao ya asali. Alipoona anamwaga ovyo, akampokonya pembe akamwaga mwenyewe, mbele ya wote.

Jumapili jina lake likasomwa kanisani kuwa ametengwa. Alivua kitambaa, akakikunja, akakiacha juu ya benchi. Nilimwonea fahari na nikamkasirikia, kwa sababu niliona ametupa kila kitu kwa ajili ya miti. Wageni hawakukata tena tawi. Mabwawa yalipokamilika walienda zao, na nyanya akaendelea kuimba nyimbo za kanisa Jumapili, peke yake, akiambua mbaazi. Alipofariki hakuja mchungaji. Akina mama wa kwaya walikuja bila vitambaa vyao, wakaimba.

Sasa, siku ile ya ufunguzi, nilipomaliza kula nikatazama kilimani, nisione kitu. Nikamuuliza jirani, ambaye bado yupo, miti imeenda wapi.

"Matofali ya kanisa yalichomwa na nini?" akanijibu. "Lakini tuliomba kwanza."

Nikapanda peke yangu. Visiki vilikuwa bado vyeupe juu, na majivu ya tanuri yalikuwa kando. Wale tuliowashuku walikatazwa mara moja wakasikia. Wetu hawakuwa na wa kuwakataza tena, maana tulikuwa tumemtoa sisi wenyewe. Nilivua viatu hata hivyo. Upepo wa Juni ukanipiga, kwani hapakuwa na kitu cha kuuzuia.