Kulaza Piano Juu ya Sauti

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa hedifoni iliyofungwa kwa utepe wa gundi, nikaambiwa nisikilize harusi ya watu nisiowajua mpaka niweze kutaja kila kelele iliyoiharibu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika studio ya video mjini Thika, orofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Nilikuwa na diploma ya ualimu wa muziki na sikuwa nimepata shule ya kufundisha. Mwenye studio, aliyetaka tumwite Mkurugenzi ingawa wafanyakazi tulikuwa watatu tu, aliutazama ukurasa wa juu wa cheti changu, wala hakufungua wa ndani.

"Piano unapiga, ama ni ya kuandikwa tu hapa?"

"Napiga."

"Basi keti, Mwalimu."

Jina hilo la Mwalimu likanishika kwa muda wote niliofanya kazi ile, ingawa sikufundisha darasa hata moja.

Kufikia saa saba mchana nilikuwa nimeorodhesha upepo, mbwa, injini ya lori na mama mmoja aliyekuwa akitafuna karibu na maikrofoni. Mkurugenzi alisoma orodha yangu akatabasamu. "Una masikio ya mwizi," akasema. "Hapa utakaa." Nilijivunia sifa hiyo. Sikujua bado kwamba mtu anaweza kuzoea kusikiliza kasoro hata akaacha kusikia kitu kingine chochote.

Ninyi mnaokata video kwa kidole kwenye simu huenda msiamini jinsi tulivyofanya. Tulikuwa na mashine mbili: moja ikicheza kanda iliyotoka kwenye kamera, ambayo tuliiita kanda mama, na nyingine ikinakili zile sehemu tulizozichagua, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio. Ukikosea katikati, ulianza tena. Picha ilichukua karibu upana wote wa utepe, lakini sauti ilipita katika ukanda mwembamba sana pembeni, kama upindo wa leso. Kwa sababu hiyo uliweza kuifuta sauti na kuweka nyingine bila kuigusa picha. Tendo hilo tuliliita kulaza. Ukilaza muziki juu ya harusi, watu waliendelea kufungua midomo, lakini kilichosikika ni muziki peke yake. Ili vyote viwili visikike, ilikubidi utumie mikisa, chombo chenye vishikio vya kupandisha na kushusha sauti, na mkono wako uushushe muziki kila mara mtu alipoanza kusema. Studio ilikuwa na mikisa moja tu.

Muziki uliopendwa ulikuwa piano tupu. Hapakuwa na ngoma, hapakuwa na mwimbaji; mpigaji mmoja tu, akienda polepole kama mtu anayetembea nyumbani gizani asiamshe wengine. Kanda zake zilitoka ng'ambo, na wateja waliziomba kwa maelezo ya ajabu: "Ile ya mvua," "Ile ya harusi ya binamu yangu," "Ile inayofanya mtu anyamaze." Mkurugenzi alikuwa na nadharia yake.

"Mwalimu, mtu akilia na wimbo wenye maneno, anaanza kuimba. Akiimba, amesahau kulia. Piano haimpi kitu cha kuimba. Inamwacha na mambo yake."

Kwa miaka mingi nimeitafuta sababu bora kuliko hiyo na sijaipata. Thika ilikuwa mji wa watu wa kila namna, waliokuja kwa viwanda, kwa mananasi, kwa biashara. Wimbo wa kanisa moja uliwaudhi wa kanisa jingine. Wimbo wa Kikuyu uliwaacha nje Wakamba. Piano ile haikumuuliza mtu dhehebu wala lugha ya mama yake, na kila mmoja aliijaza huzuni yake mwenyewe, akidhani ilitungwa kwa ajili yake.

Mteja mmoja tu ndiye aliyeikataa. Bwana Saidi, muuza vyuma, alileta nikaha ya mwanawe akaniambia kwa upole, "Binti yangu, usituwekee vinanda. Sauti zetu ziache kama zilivyo." Nilimhurumia. Kanda yake ilitoka na kila kikohozi, kila kiti, hata mzee mmoja aliyepiga chafya katikati ya dua. Niliiona kuwa kazi mbovu kuliko zote zilizopita mikononi mwangu.

Baadaye kanda za ng'ambo zilichakaa, na kila studio mjini ilikuwa na zilezile. Mkurugenzi akaniuliza kama siwezi kupiga yetu. Kanisa moja jirani lilikuwa na piano ya zamani, ya kusimama ukutani, iliyoachwa na wamishenari. Ufunguo wake mmoja wa katikati ulikuwa umelegea na ulitoa kishindo kidogo cha mbao kila ulipoguswa, kama mtu anayebisha mlango kwa kidole kimoja. Nilipiga asubuhi mbili. Tungo zilikuwa zangu, za noti chache, zenye nafasi kubwa kati yake. Nilijaribu kuukwepa ufunguo ule nikashindwa. Wateja hawakujali. Walisema ndiyo piano tamu kuliko zote.

Katikati ya miaka hiyo nilihamishiwa Ruiru kuongoza tawi jipya, nikiwa na mashine mbili, mpiga picha mmoja na kiti cha wateja. Mikisa ilibaki Thika. Mkurugenzi alisema ningetumiwa nyingine, na labda alikusudia hivyo kweli. Kwa hiyo Ruiru sikuchanganya sauti. Nililaza tu.

Njoki alikuja tawini akiwa bado bi harusi wa wiki moja. Alikuwa binti wa pekee wa Mzee Kamau, mjane aliyefanya kazi maisha yake yote katika shamba la kahawa, hadi trekta lilipomvunja mguu. Mzee huyo alikuwa ameikataa ndoa ile. Zaidi ya mwaka mzima hakuzungumza na bintiye, ingawa walikula meza moja. Asubuhi ya harusi, wakati shangazi walipokuwa wamempigisha Njoki magoti langoni, wamemfunika leso kichwani na kuimba, mzee alitoka nyumbani bila kuitwa na mtu. Alisogea hadi aliposimama karibu na binti yake akasema naye kwa sauti ya chini. Wanawake walipoona hivyo walipiga vigelegele mpaka hakuna aliyesikia neno. Lakini Njoki alikuwa amebandikwa maikrofoni ndogo kifuani, na mpiga picha wangu, kama tulivyomfundisha, alikuwa ameikaza kamera kwenye leso ile iliyotikisika kwa kilio.

Hayo yote niliyaelewa baadaye. Nilipoketi na hedifoni nilisikia upepo, vigelegele vilivyopasuka, kikohozi cha mzee mgonjwa na mkwaruzo wa kiti kikiburutwa kwenye kokoto. Niliandika "sauti mbaya" kwenye karatasi, nikalaza piano yangu juu yake, mwanzo hadi mwisho. Ilikaa vizuri sana. Njoki alipoitazama pale ofisini alilia, akanishika mikono yote miwili.

"Aki Mwalimu, umeifanya kama ya sinema."

Mwaka haukuisha kabla Mzee Kamau hajafariki. Njoki alirudi akiwa na mimba kubwa, akaketi kwenye kiti cha wateja, akakataa chai.

"Mwalimu, nimekuja na ombi moja tu. Ile kanda yenu kubwa, ya kwanza. Ile yenye sauti ya baba."

"Ulitaka nakala?"

"Nataka nisikie alichoniambia. Siku ile nilikuwa nalia, nikasikia tu ngurumo ya sauti yake juu ya kichwa changu. Nikajiambia, si kuna video, nitasikiliza polepole. Halafu video ikaja na piano, nikaona haya kuuliza, ni kama kukosoa kazi yako. Nikasema ya kwanza iko, siku moja nitaiomba."

Desturi yetu ilikuwa kuzihifadhi kanda mama kwa miezi mitatu, kisha kurekodi harusi nyingine juu yake. Hatukuwaambia wateja, na wateja hawakuuliza. Nilimwomba asubiri. Nilikwenda nyuma nikaitafuta kwenye rafu, ingawa nilijua, na nikaipata namba yake. Ndani yake palikuwa na mahafali ya shule ya chekechea huko Mwiki. Watoto walikuwa wakiimba.

Nilimpigia simu Mkurugenzi nikiwa bado kule nyuma. Hakukasirika, alichoka tu.

"Sasa ni nini kigumu hapo? Wewe uliisikia. Mwambie mzee alimbariki. Mungu awape watoto, mbuzi wazae, mkae kwa amani. Si wazee wote husema hayo hayo?"

"Sikumbuki alichosema."

"Ndiyo maana nakupa maneno, Mwalimu."

Nilirudi mbele nikiwa na maneno hayo mdomoni. Ningeweza kuyatoa. Yangemtosha, na pengine hayakuwa mbali na ukweli. Lakini nilipomwona akinitazama, mikono juu ya tumbo, nilimweleza kila kitu: mikisa iliyobaki Thika, miezi mitatu, mahafali ya watoto. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hivyo ni wewe peke yako uliyesikia," akasema.

"Ndiyo."

"Alisema nini?"

"Njoki, nilikuwa nikisikiliza upepo. Ndiyo kazi niliyofundishwa. Naweza kukuambia alikohoa mara tatu. Naweza kukuambia mahali vigelegele vilipopasua sauti. Maneno yenyewe sina."

"Nipe hata hayo," akasema. "Nipe ulivyosikia, hivyo hivyo."

Nikafunga macho nikampa orodha yangu, kasoro baada ya kasoro, kama nilivyoisoma mbele ya Mkurugenzi siku ya kwanza. Upepo. Kikohozi. Jina lake, Njoki, mara mbili, halafu ngurumo nisiyoikamata. Kisha kiti.

"Kiti gani?"

"Kuna mtu alimletea kiti, kikaburutwa kwenye kokoto. Mzee akasema, 'Niacheni nisimame.' Halafu akaendelea kuongea, kitambo kirefu."

"Alikataa kiti?"

"Alikataa."

"Na ule mguu?" Sauti yake ilipanda. "Mwalimu, baba hakuwa anasimama hata kanisani! Hata padri alimzoea akiwa amekaa. Mimi nilijua aliongea na mimi akiwa kwa kiti."

Alilia kwa namna ambayo sijaisahau, nami sikuwa na muziki wa kuulaza juu yake.

Niliomba mikisa tena siku ileile, na ilipokataliwa nikaacha kulaza muziki mahali popote palipokuwa na mtu anayesema. Wateja kadhaa walilalamika kwamba kazi yangu imeshuka. Wengine walihamia kwa washindani. Nilipelekwa Githurai 45, tawi lenye chumba kimoja, nikijua ni adhabu, na huko nikamalizia miaka ile. Kisha mashine za kanda zikapitwa na wakati, Mkurugenzi akauza vifaa vyake kimoja kimoja, na mimi nikafundisha watoto wachache piano majumbani hadi vidole vilipoanza kukataa. Huko ndiko kustaafu kwangu. Sikupewa saa wala hotuba.

Piano ile haikustaafu. Naisikia hadi leo katika video za rambirambi zinazotumwa kwenye simu, picha za marehemu zikipita moja baada ya nyingine, na mpigaji mmoja akitembea polepole gizani. Vijana wananiuliza kwa nini haichoshi. Nawaambia kwamba haisemi kitu, na mtu mwenye msiba amechoka kuambiwa. Hilo ni kweli. Lakini kila ninapoisikia najiuliza pia kuna nini chini yake.

Majuzi Njoki alinipigia simu. Mtoto yule aliyekuwa tumboni, Wanjiru, alikuwa anaolewa, na alikuwa na ombi. Tangu utotoni alikuwa akiitazama kanda ya harusi ya wazazi wake, na kila ilipofika langoni aliuliza kuhusu babu yake, "Guka anaongea?" Hakuna aliyepata moyo wa kumrekebisha. Aliijua sauti ya babu yake kuwa noti chache zenye nafasi kati yake, na kishindo kidogo cha mbao, kama mtu anayebisha mlango. Sasa alitaka guka awepo langoni kwake.

Nilikwenda Ruiru na kinanda cha umeme cha kuazima. Hakikuwa na ufunguo uliolegea, kwa hiyo kila nilipofika kwenye noti ile niligonga ubao wa meza kwa kidole cha mkono wa pili. Wanjiru alikuwa amepiga magoti chini ya leso. Aliposikia kugonga kule, mabega yake yalianza kutikisika.

Njoki akatoka nyumbani. Naye sasa ana magoti yanayomsumbua, na mtu mmoja akakimbia na kiti cha plastiki.

"Niacheni nisimame," akasema.

Simu zote zilikuwa juu, zikirekodi. Wanawake walikuwa wamejaza vifua pumzi, tayari kwa vigelegele. Niliondoa mikono yangu kwenye kinanda nikaiinua ili wanione, nao wakanyamaza. Upepo ulikuwepo, na mbwa wa jirani, na mtu aliyekohoa nyuma yangu. Aliyoyasema Njoki ni ya binti yake, wala sitayaandika hapa. Safari hii niliyasikiliza maneno.