Uyoga wa Mti Mkavu

Leo nimeinua gogo la kuni lililolowa, na harufu yake ikanirudisha porini. Baba alikuwa akikata nguzo za kuzuia shimo la dhahabu lisiporomoke. Kwenye mti mmoja mkavu uliota uyoga mgumu kama kwato, chini umejaa vitundu vidogo. Mama akaubonyeza.

“Baba watoto, mti ukiota uyoga huu, moyo wake umeshaoza.”

“Nyapara wa shimo akinunua nguzo hatazami moyo,” baba alijibu, akaukwangua uyoga kwa panga, akapaka tope pale ulipokuwa na kuukata mti.

Niliuokota, nikaufanya kiti cha mwanasesere wangu wa gunzi.

Mvua zilipoanza, baba alipata kazi tuliyomwombea: kuchimba, ndani ya shimo lilelile. Mama alimfungia michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa.

Shimo lilipoporomoka, hatukupata hata mwili. Uyoga ulibaki uvunguni, mgumu vilevile.