Pua ya Ackson na Mafuta ya Mbegu za Maboga

Kwa miaka kumi na tisa Ackson aliajiriwa kwa ajili ya pua yake. Ndiyo kazi yenyewe iliyokuwa. Katika kiwanda kimoja cha umma cha mafuta ya kula pale Mbeya mjini, kila pipa lilipojazwa aliitwa yeye kwanza. Alichovya kijiko cha bati, akakipasha moto juu ya kiganja, akakisogeza puani, kisha akasema neno moja kati ya mawili: "Liende" au "Lirudi." Mkuu wa maabara, bwana mmoja mpole aitwaye Jotham, alikuwa na vioo na dawa zake za kupimia, lakini mara nyingi alimwita Ackson kabla hajavigusa. "Vipimo vyangu vinachukua nusu siku," alikuwa akisema. "Ackson anachukua pumzi moja."

Mwaka 1995 kiwanda kikauzwa, na aliyekinunua akang'oa mitambo, akakigeuza kuwa ghala la bidhaa kutoka nje. Wafanyakazi walipewa kiinua mgongo na barua ya shukrani. Ackson akarudi kwao Lufingo, karibu na Tukuyu, pamoja na mkewe Sekela na binti yao Tulia, kwenye shamba la migomba aliloachiwa na baba yake, mahali ambapo mvua hunyesha karibu kila mwezi na ukungu hushuka mpaka mlangoni.

Ilikuwa miaka ya biashara huria. Sokoni Tukuyu vitu vilivyokuwa adimu jana vilirundikana leo: sabuni zenye picha za wanawake weupe, losheni za kila rangi, na madumu ya njano ya mafuta ya kupikia yaliyotoka nchi ambazo wauzaji wenyewe hawakuweza kuzitaja vizuri. Ackson alipita katikati ya madumu yale pua ikimsumbua. Siku moja alisimama mbele ya duka la Mwantum, mama wa makamo ambaye babu yake alitoka Lindi zamani za Wajerumani akalowea huku milimani.

"Bibie, dumu hili limechacha," alisema.

Mwantum akamtazama juu mpaka chini. "Umelionja?"

"Nimelinusa."

"Umelinusa ukiwa barabarani, na mfuniko umefungwa?" Wateja wakacheka. Mwantum hakucheka. "Mzee, kama hununui, wapishe wanaonunua."

Wiki ile ile wateja watatu walirudisha mafuta. Mwantum alimtafuta Ackson siku ya gulio, akamkuta anauza ndizi, akamwambia bila kuzunguka, "Nilikukosea. Njoo uninusie kila mzigo kabla sijaushusha." Tangu hapo wakawa marafiki, na jina la Ackson likaenea: Mwenye Pua. Watu walimletea samli, karanga, hata maziwa. Alilipenda jina lile kuliko alivyokubali kusema.

Kwa kiinua mgongo chake alinunua mashine ya mkono ya kukamulia mafuta, ile yenye mkono mrefu wa chuma unaousukuma juu na chini mpaka mabega yanawaka. Alikusudia kukamua alizeti, lakini alizeti haistawi vizuri kwenye ubaridi na mvua za Lufingo. Kilichokuwa kingi ni maboga. Kila nyumba ilikuwa nayo, na mbegu zake watoto walizikaanga wakatafuna, nyingine zikatupwa kwa kuku. Ackson akazinunua kwa debe, akazianika, akazikamua. Yakatoka mafuta mazito ya kijani kibichi.

"Hii ni oili chafu ya gari," jirani mmoja alisema.

Lakini Sekela aliyatia kwenye mboga za majani, na jirani yule yule akaomba bakuli la pili. Kisha wachuma chai wakagundua jambo jingine. Wanawake waliokuwa wakishinda mashambani na umande mikononi, vidole vimepasuka na kugeuka vyeusi kwa utomvu wa chai, walijipaka mafuta yale jioni na asubuhi wakaweza kukunja ngumi bila kulia. Losheni za sokoni zilinukia vizuri lakini zikakauka kabla ya mtu kufika kwenye mstari wa pili wa michai. Mafuta ya Ackson yalikaa. Akawa anauza kwa chupa, akizipanga dirishani zipigwe na jua, kijani kile kionekane kutoka barabarani.

Mwezi wa sita mwaka 1998 baridi ilikuwa kali kuliko kawaida. Ackson akashikwa na homa na mafua, akalala siku tisa. Alipoamka homa ilikuwa imekwisha, na Sekela akamletea uji wa moto wenye tangawizi. Akanywa. Ulikuwa kama maji ya moto. Akaomba ndimu, akaikamua ulimini. Ukali aliusikia, ila harufu haikuwepo. Akatoka nje akachukua kinyesi cha mbuzi, akakisaga kati ya vidole, akakileta puani.

Hakuna kitu.

Hakumwambia mtu. Alijiambia kuwa ni mafua, yatapita. Wiki ya pili alijiambia hivyo hivyo. Watu waliendelea kumletea vitu vyao, naye akawa anachovya kijiko, anakipasha moto kiganjani, anakisogeza puani, anafumba macho, kisha anatazama uso wa aliyeleta na kukisia. "Liende," alisema mara nyingi. Kwa Mwantum aliacha kwenda, akisingizia magoti.

Nyumbani aliendelea kukamua. Mbegu zilikuwa zimeanikwa kwenye siku za mawingu na hazikukauka sawasawa. Mafuta yakatoka yakiwa na maji ndani yake, yakawekwa dirishani pale pale kwenye jua. Sekela alipoijaza chupa moja alisita, akaipeleka puani, akamtazama mumewe. Ackson akaichukua, akainusa kwa makini kama zamani, akasema, "Liende." Sekela akaifunga.

Basi akaja Atuganile wa Kiwira. Alikuwa kiongozi wa kina mama kanisani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kutawala sufuria ishirini kwa wakati mmoja, na binti yake alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi wa saba. Alitaka mafuta ya kupikia harusi nzima. "Sitaki ya madumu," alisema. "Nataka yaliyopita kwenye pua yako, tata," aliongeza, akimwita baba kwa Kinyakyusa. Ackson akajaza madumu mawili.

Siku ya harusi yeye na Sekela walikuwa miongoni mwa wageni. Kwaya iliimba, maharusi wakakaa chini ya turubai, chakula kikagawiwa: wali, kabichi, ndizi zilizoungwa, nyama. Ackson alikuwa na njaa. Tangu asubuhi hawakuwa wamekula, na kwa mtu asiyesikia ladha chakula cha moto kilikuwa faraja pekee iliyobaki. Akala kwa mkono mkubwa. Akamgeukia mzee aliyekaa karibu naye akasema, "Kina mama wamejitahidi. Wali umeiva kweli."

Yule mzee akaisogeza sahani yake mbali. Ackson akainua macho. Mbele yake mtu mmoja alikuwa ameweka sahani chini. Na wa pembeni yake. Meza yote, na meza ya pili, sahani zilikuwa zimejaa na mikono iko magotini. Mtoto mmoja alitema tonge kiganjani kwa mama yake akafinywa. Watu hawakusema neno, kwa heshima ya wenye harusi, lakini kila mmoja alikuwa anamtazama yeye, Mwenye Pua, na tonge mdomoni.

"Sekela," alinong'ona, "kuna nini?"

"Mafuta yamechacha, Baba Tulia," Sekela alisema taratibu. "Yananuka kama rangi ya zamani ya mlango. Husikii?"

Hapo ndipo alipolisema kwa mara ya kwanza. "Sisikii. Tangu homa ile sisikii kitu chochote."

Sekela akamshika mkono chini ya meza. Ackson akasimama. Alikwenda mpaka walipokaa wazazi wa bibi harusi, na kwaya iliyokuwa inajiandaa kuimba ikasubiri.

"Mama Atuganile," alisema, na sauti yake ilifika mbali kuliko alivyotaka, "wapishi hawana kosa. Mafuta ni yangu. Yalikuwa yameharibika, nami sikujua, kwa sababu pua yangu imekufa na nimeificha. Nimekula sahani nzima na sikujua. Naomba mnisamehe, na maharusi wanisamehe."

Atuganile aliinuka kwenye kiti. Uso wake ulikuwa na hasira, na hasira ile haikuwa ya kujificha. Kisha akamgeukia mpishi aliyekuwa karibu. "Nyama ya kuchoma imeguswa na mafuta?" Haikuguswa. "Na ndizi mbichi tunazo?" Zilikuwepo mikungu saba. "Zichomeni. Maharage yachemsheni na chumvi." Ndipo akamrudia Ackson. "Wewe, tata, kaa chini. Ukisimama hapo wageni watafikiri ni hotuba."

Mtu mmoja akacheka, na wengine wakafuata. Harusi ikaendelea, watu wakala ndizi za kuchoma mpaka jioni. Lakini Ackson alirudi nyumbani akaifunika mashine yake kwa gunia, na chupa za dirishani akazimwaga zote shimoni.

Hakuwa na hamu ya chakula, wala ya kwenda sokoni. Alipalilia migomba iliyokwisha kupaliliwa. Sekela naye alikuwa na jambo linalomuuma, na siku moja wakiwa shambani akalitoa. "Ile chupa niliyokupa uinuse, niliisikia. Ilikuwa imechacha."

"Mbona hukusema?"

"Ningekwambia nini? Miaka yote hii nyumba nzima inasubiri wewe useme. Nilifikiri mimi ndiye niliyekosea."

Ackson aliegemea jembe. Kati ya yote yaliyompata mwaka ule, maneno yale yalimchoma kuliko harusi.

Wiki mbili baadaye Mwantum alipanda kilima kwa miguu kutoka barabarani, kanga mbili zimelowa ukungu, na chupa imefungwa kwenye kikapu. Alikuwa amesikia; habari za Kiwira hufika Tukuyu kabla ya basi. Hakutoa pole ndefu. Aliitoa chupa ile akaiweka mezani.

"Mafuta ya ufuta," alisema. "Ndugu zangu wananiletea kutoka Lindi. Bibi yangu aliwapaka watoto wachanga, na kila alipokuwa na mafuta mengine, ya nazi au ya karanga, aliyachanganyia haya kidogo. Tukimuuliza, anasema mafuta ya ufuta hayazeeki haraka, na yakikaa na wenzake huwazuia nao kuzeeka. Mimi sijasoma. Ninajua tu kwamba chupa hii ina mwaka. Mama Tulia, hebu inuse."

Sekela akanusa. "Nzuri kabisa."

Ackson akanyanyuka kwenye kiti. Alikuwa amemkumbuka Jotham, akisimama juu ya pipa na kijiko cha unga mweupe. Hewa inayala mafuta, Jotham alimweleza, kama inavyokula chuma kikashika kutu. Jua na maji huongeza ulafi wake. Unga ule ulikubali kuliwa kwanza ili mafuta yabaki. Antioksidanti, aliuita. Na alisema mbegu nyingine zina unga huo ndani yake zenyewe, zimejiwekea akiba ili ziote mwakani. Ackson alikuwa amelisikia mara mia na hakulihitaji hata mara moja, kwa kuwa alikuwa na pua.

Wakaanza upya wote watatu, Mwantum akileta ufuta. Mbegu zikakaushwa juu ya dari ya jiko mpaka zikavunjika kwa kucha. Mafuta yakachujwa kwa kitambaa, yakapashwa moto mdogo mpaka yakaacha kutoa mapovu ya maji. Ackson akajaza chupa nne. Moja ilikuwa ya kioo cheupe, akaiweka dirishani. Ya pili, ya bia, yenye rangi ya udongo, akaiweka kabatini. Ya tatu na ya nne zilikuwa kama hizo mbili, ila ndani yake alitia ufuta, kikombe kimoja kwa vinne vya maboga. Kila Jumamosi Sekela alifumba macho, Ackson akampitishia moja moja bila kumwambia ni ipi.

Ya dirishani isiyo na ufuta iliharibika wiki ya tano. Ya dirishani yenye ufuta ilivumilia mpaka ya kumi na moja. Ile ya kabatini isiyo na ufuta ilianza kuyumba mwezi wa tano tangu waanze. Ya nne, yenye ufuta na giza, Sekela aliipitisha mwezi hadi mwezi, mpaka mwaka ukageuka.

"Hujachoka kusema nzuri?" Ackson alimtania.

"Ikiharibika utasikia," Sekela alisema. "Safari hii nitasema."

Chupa ya kwanza ya mafuta mapya walimpelekea Atuganile. Aliinusa mwenyewe, akampa binti yake ainuse, akampa mpishi. "Ndaga," alishukuru mwishowe, akaagiza ya Pasaka.

Pua ya Ackson haikurudi, ila mafuta ya taa aliyasikia kidogo siku za joto. Aliacha kuhesabu wiki. Alisukuma mashine, akachuja, akaosha chupa za bia kwa mchanga na maji ya moto. Wachuma chai walirudi, na baadhi yao wakaanza kumletea Sekela samli na karanga zao.

Mwaka 2001 walipewa meza ndogo kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Mbeya. Ofisa mmoja mwenye kalamu inayoning'inia shingoni aliinua chupa, akaitazama kwenye mwanga, akauliza mtaalamu ni nani.

"Huyu hapa," Ackson alisema, akimwonyesha Sekela.

Sekela akaanza kumweleza habari za hewa, jua na maji, mkono mmoja kiunoni. Ilikuwa wazi kwamba maelezo yatakuwa marefu. Ackson akachukua birika, akaenda kuwatafutia chai.