Kibati cha Injini

Mwenzangu kwenye kiwanja cha ndege cha Kasongo alisoma kwa mapadri. Mimi nilisoma Kurani tu. Kwa hiyo mzungu wetu akitaka kununua injini ya ndege iliyotumika, alimwita yeye asome herufi za kibati kilichopigiliwa ubavuni mwake, ijulikane ni ya aina gani. Herufi nne tu, naye anajikohoza kama yuko mimbarini! Mimi nilishika tambara, wivu ukinichoma.

Siku moja muuzaji alileta injini kutoka Kabambare. Mwenzangu akasoma, akasema ndiyo aina yetu. Nilipopapasa mhimili unaoshika pangaboi, nikakuta una meno. Wa aina yetu ni laini. Kibati kilitolewa kwenye injini nyingine. Nikaendelea kupangusa, nafurahi moyoni.

Ndipo akasema, "Bwana, uliza na huyu. Mukono yake inajua kupita macho yangu."

Mzungu akanigeukia. "Iko sawa?"

"Iko sawa, bwana."

Pangaboi lilipokataa kuingia, alifukuzwa mwenzangu, kwa kuwa ndiye aliyesoma kibati. Alikuja kuniaga nyumbani, akanishukuru: alidhani nilijibu vile ili nisimwaibishe mbele ya mzungu.