Mama Alivyofungasha Kwenda Uswidi

Mdogo wangu alipokaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza huko Uswidi, anakoishi na mumewe, alitaka watu wawili tu wawe naye: mama na mimi. Mama kwa sababu ni mama. Mimi kwa sababu mama alikuwa hajawahi kupanda ndege wala hajui Kiingereza, na ilibidi apatikane mtu wa kumvusha viwanja vyote vya njiani asipotee. Shemeji akatafuta tiketi. Zilikuwa za bei nafuu, na unafuu wake ulikuwa na sharti: hakuna mzigo wa kuweka kwenye tumbo la ndege. Kila mtu begi moja la mkononi, kilo nane. Na tulikuwa tunakwenda kukaa miezi mitatu.

"Dada, mwambie mama taratibu," mdogo wangu alinisihi kwenye simu. "Si unamjua."

Nilimjua. Mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma. Kutwa nzima nahangaika na makaratasi ya malori yanayovuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa hiyo mzigo wa mtu haunitishi. Lakini mama akija kwangu kutoka Ileje, hata kwa siku mbili, huja na mkungu wa ndizi, debe la maharage, furushi la majani ya maboga na kuku aliyefungwa miguu. Nilishamwona akilini akibishana na watu wa ukaguzi kuhusu kuku.

Jumamosi moja nikapanda gari pale Mpemba kwenda kwake milimani. Nilibeba begi langu likiwa limeshapangwa tayari, ili awe na mfano wa kuiga.

Nilimkuta barazani na mgeni. Habari za safari zilikuwa zimeenea, na akina mama wa kanisani kwake walikuwa wanakuja mmoja mmoja, kila mmoja na kifurushi cha kumpelekea "mtoto wetu aliyeko Ulaya". Mama alipokea kila kitu kwa mikono miwili. Alishukuru, akauliza hali za nyumbani, akamkaribisha mgeni chai. Mgeni akiaga, mama aliingia ndani, akatoka na kifurushi cha mgeni aliyetangulia, akampa huyu anayeondoka. Aliyeleta uyoga mkavu aliondoka na unga wa ulezi. Aliyeleta karanga aliondoka na ule uyoga. Nilikaa pale nikihesabu, hadi alasiri likabaki boga moja tu, na hilo tukalipika.

"Mama, wakikutana kesho ibadani je?"

"Watacheka," alisema. "Ningewakatalia, wangeumia. Bora wacheke."

Kisha akaniletea begi lake nilione. Lilikuwa dogo, la rangi ya kahawia, lenye zipu iliyoshonwa upya kwa uzi mweusi. Tukaenda kwa jirani anayenunua maharage, ana mizani ya kuning'iniza mlangoni. Begi la mama likasoma kilo nne na nusu. Langu kumi na moja.

Jirani akajifanya anatazama barabarani.

Tuliporudi nyumbani mama alilifungua begi langu juu ya kitanda, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja. "Viatu jozi tatu. Miguu unayo mingapi?" Akatoa gauni la kwanza, la pili, hadi la saba. "Unakwenda kumwogesha mzazi au unakwenda kuolewa? Huko hawana sabuni?" Akatoa pasi ya nywele, akaigeuza geuza, akaiweka kando. Alibakiza magauni matatu, suruali moja, sweta na nguo za ndani. Viatu nilimsihi aniachie jozi mbili.

Kwa kulipiza nikavuta begi lake nami nikaanza kupekua. Khanga mbili. Gauni moja. Sweta lake la kijani la kuendea shamba asubuhi za baridi. Kitabu cha nyimbo za kanisa, dawa za presha, kitana. Chini kabisa kulikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na gauni jeupe jipya, soksi nyeupe, na shuka nyeupe iliyokunjwa ikakunjika kama kitabu.

"Hizi ni za nini?"

"Za kuzikiwa," mama alisema, kama mtu anayesema ni za kulalia.

Nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya nyumba, karibu na banda la ng'ombe, nikilia kama mtoto na huku nimekasirika. Mama alinifuata baada ya muda, akasimama kando yangu akimtazama ng'ombe wake badala ya kunitazama mimi.

"Nina miaka sabini na mbili," alisema. "Naenda mbali. Nikifia huko, unataka mdogo wako azunguke madukani na kichanga mgongoni kutafuta shuka nyeupe?"

"Mama, hutakufa."

"Nitakufa. Sijasema lini." Akanigusa bega. "Hiyo shuka ina uzito gani?"

"Siyo uzito, mama."

"Kama siyo uzito, basi irudishe ndani ya begi."

Niliirudisha.

Siku ya safari, begi langu lilipopandishwa kwenye mizani ya uwanjani, lilizidi nusu kilo. Nilikuwa nimeirudisha ile pasi ya nywele kwa kumficha mama. Dada wa mezani alinitazama, nami nikamtazama mama. Mama alipiga goti pale sakafuni mbele ya foleni nzima, akafungua begi lake na kusema, "Lete." Pasi ya nywele ikavuka bahari ikiwa imelala juu ya kitabu cha nyimbo.

Mtoto alizaliwa siku ya tisa baada ya sisi kufika, wa kike, mwenye sauti kubwa. Baridi ilikuwa kali, lakini mama ni mtu wa milima. Alivaa sweta lake la kijani chini ya koti la shemeji, akatembea nalo likimfika vifundoni. Zile nguo zetu chache tulizifua, tukazianika juu ya vyuma vinavyopasha nyumba joto, tukazivaa tena. Mimi nilichoka kujiona na gauni lilelile kwenye picha. Mama hakuona tatizo liko wapi.

Mwezi wa pili mtoto alianza kulia mchana kutwa. Hakutaka kitanda, hakutaka kile kibebeo chenye mikanda ambacho shemeji alikuwa amekinunua, na mdogo wangu alikuwa amefika mahali pa kulia naye. Siku moja, mdogo wangu akiwa ameingia kuoga, mama aliamua kumbeba mtoto mgongoni. Khanga moja alikuwa ameivaa. Nyingine ilikuwa imetapikiwa, imo kwenye mashine ya kufulia. Nilimwona anasimama katikati ya sebule, anafikiri. Kisha akaenda chumbani, nikasikia mlio wa nailoni.

Alirudi na shuka nyeupe.

"Mama," nilisema. "Hiyo..."

"Naijua. Mshike huyu niiname."

Nilimweka mtoto mgongoni kwake, nikashikilia, mama akapitisha shuka chini ya makwapa na kufunga kifuani. Mtoto alilia kidogo, akajigeuza, akalaza shavu kwenye uti wa mgongo wa bibi yake na kunyamaza. Mama akaanza kutembea polepole, jikoni hadi dirishani, dirishani hadi jikoni, akiimba kwa Kindali wimbo ambao mimi na mdogo wangu tulilazwa nao.

"Sokoni Itumba nitanunua nyingine," aliniambia alipopita karibu yangu. "Na wewe usimwambie mwenzio."

Mdogo wangu alitoka bafuni na taulo kichwani, akakuta kimya. Alikaa chini hapohapo sakafuni. "Hicho kitambaa kizuri, mama," alisema. "Umetoka nacho nyumbani?"

"Ndiyo. Kibakie hapa."

Kikabakia. Tangu siku hiyo kilifuliwa na kutapikiwa mara nyingi kuliko nguo yoyote ya nyumba ile.

Wiki ya kuondoka mama alinishangaza. Alimwachia mdogo wangu khanga zote mbili na sweta la kijani, na begi akalijaza chokoleti, kipande kimoja kwa kila mama wa kanisani. Likasoma kilo nane kamili. Nilitamani sana kumuuliza ana midomo mingapi, ila alikuwa amemtoa mtoto mikononi muda mfupi uliopita na macho yake yalikuwa mekundu, nikaacha.

Jumapili iliyofuata tulikuwa barazani kwake Ileje, akina mama kumi na zaidi wakila chokoleti, wengine wakikunja nyuso kwa utamu, mdogo wangu alipopiga simu ya video. Mtoto alikuwa na kwikwi tangu asubuhi. Mama aliishika simu karibu na uso hadi huko wakawa wanaona paji la uso tu.

"Mnyonyeshe kidogo!" alipaza sauti.

"Nimemnyonyesha, mama!"

"Mweke uzi kwenye paji la uso," alisema mmoja wa akina mama.

"Mwache, zitaisha zenyewe," akasema mwingine.

"Msimamishe begani, umpapase mgongo," wa tatu akasema, akamshika mjukuu wake aliyekuwa anacheza karibu na kuonyesha namna ya kufanya, huyo mjukuu akiwa ameduwaa na chokoleti mdomoni. Mtandao ukakatika, ukarudi. Wote wakainamia ile simu, kila mmoja akieleza yake kwa sauti ya kumfikia mtu wa kilima cha pili. Kutoka upande wa pili nilimsikia mdogo wangu anacheka, na katikati ya kicheko chake kwikwi ndogo, moja, halafu nyingine.